Kitili Mwendwa: Mwana wa Kitui aliyeiweka Katiba juu ya Jumuiya

JAJI Mkuu wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, marehemu Maluki Kitili Mwendwa, hukumbukwa zaidi kwa jinsi alivyoondoka katika kiti hicho kuliko kwa kazi aliyoifanya alipokuwa amekikalia. Jina lake likitajwa, iwe ni Kitui alikozaliwa au ng'ambo ya Mto Athi upande wa Makueni, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kufika Julai 1971, mwezi alioacha kazi huku jina lake likihusishwa na njama ya kuipindua serikali.

Nje ya jamii ya mawakili, ni wachache wanaofahamu kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hapo, yeye na jaji mwenzake walitoa uamuzi ulioamua swali ambalo kila muungano wa mataifa hulikwepa kwa muda mrefu uwezavyo. Swali lenyewe ni hili: sheria ya muungano na sheria ya mwanachama zikigongana, ipi iipishe nyingine?

Mwendwa alizaliwa Desemba 1929 wilayani Kitui. Baba yake, Mwendwa Kitavi, alikuwa chifu mkuu katika utawala wa kikoloni, mtu mwenye mali na kauli nzito miongoni mwa Wakamba wa Kitui. Jina la ukoo huo kwa Kikamba lina maana ya mpendwa. Chifu huyo alitambua mapema kwamba enzi ya mikuki na ng'ombe ilikuwa ikipita na enzi ya kalamu ilikuwa ikiingia, naye akawasomesha wanawe. Kitui wakati huo ilikuwa wilaya kame, yenye barabara chache na njaa za mara kwa mara, na kijana aliyetoka huko na kufika shule ya upili ya Alliance alikuwa amevuka vizingiti vingi. Kitili alivivuka, akaendelea hadi Makerere nchini Uganda, kisha Uingereza alikosomea sheria.

Hakuwa peke yake katika nyumba hiyo. Ndugu yake, Eliud Ngala Mwendwa, aliingia katika Baraza la Mawaziri la kwanza la Mzee Jomo Kenyatta akiwa Waziri wa Leba. Ngala aliishi hadi mwaka 2016, akiwa amewazika wenzake wote wa baraza hilo. Ndugu mwingine, Kyale, alipanda ngazi katika sekta ya elimu. Mke wa Kitili, Nyiva, naye aliandika historia yake mwenyewe. Mwaka 1974 alichaguliwa Mbunge wa Kitui Magharibi, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza nchini kuteuliwa waziri kamili. Ni nadra kuipata nyumba moja ya Ukambani, au hata ya Kenya nzima, iliyogusa mihimili yote mitatu ya serikali kwa kiasi hicho.

Kitili mwenyewe alichagua upande wa sheria. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru alishika wadhifa wa Wakili Mkuu wa Serikali, cheo kinachofuata kile cha Mkuu wa Sheria, ambacho wakati huo kilikuwa mikononi mwa Charles Njonjo. Kipindi hicho kinahitaji kuelezwa kidogo, kwa kuwa ndicho kilichomfunza mtu huyu maana ya mamlaka yaliyogawanywa.

Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963 ikiwa na Katiba ya majimbo. Nchi iligawanywa katika majimbo saba mbali na Nairobi, kila jimbo likiwa na bunge lake. Kitui na Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa bado inajumuisha Makueni, ziliwekwa katika Jimbo la Mashariki pamoja na Embu, Meru, Isiolo na Marsabit, makao yake yakiwa Embu. Chama cha KADU kilikuwa kimeupigania mpango huo kwa kuhofia jamii kubwa. Chama cha KANU kiliukubali shingo upande, na kilipoingia madarakani hakikuficha nia ya kuubomoa.

Katika jimbo hilohilo la Mashariki kulikuwa na mfano wa hofu iliyowatawala viongozi wa Nairobi. Wakazi wengi wa maeneo ya kaskazini walitaka kujitenga na Kenya ili wajiunge na Somalia, na vita vya Shifta vikazuka hata kabla shangwe za uhuru hazijatulia. Jirani nchini Uganda, bunge la Buganda lilipitisha azimio Mei 1966 la kuitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya ufalme huo. Jibu la Milton Obote lilikuwa jeshi. Watawala wa enzi hiyo waliona kila serikali ya sehemu kuwa mlango ulioachwa wazi.

Serikali za majimbo nchini Kenya zilikufa bila risasi. KADU ilijivunja Novemba 1964, na nchi ilipokuwa Jamhuri mwezi uliofuata mamlaka ya majimbo yalikuwa yamefutwa kwa marekebisho ya Katiba yaliyopitishwa Bungeni. Ofisi ya Mkuu wa Sheria, alikohudumu Mwendwa, ndiyo iliyokuwa ikitayarisha miswada ya serikali katika miaka hiyo ya marekebisho mfululizo. Alijionea kwa karibu jinsi Katiba inavyoweza kubadilishwa kwa kura za Bunge, kipande kwa kipande, hadi sura yake ya mwanzo isitambulike.

Mwaka 1968 Mzee Kenyatta alimteua kuwa Jaji Mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 38. Mahakama Kuu aliyoirithi ilikuwa bado imejaa majaji Waingereza, na uteuzi wake ulipokewa kama ushahidi kwamba uhuru umefika hadi kwenye kiti cha mwisho kilichokuwa kimesalia mikononi mwa wageni. Kulikuwa na manung'uniko pia. Wapo waliodai kuwa alikuwa kijana mno na kwamba hakuwa amekaa kwenye kiti cha jaji kabla ya kupewa kiti cha kuwaongoza majaji wote. Malalamiko hayo hayakuwa ya bure kabisa, ingawa ni vigumu kuona angepatikana wapi Mwafrika mwenye uzoefu huo wakati wakoloni hawakuwa wamempa yeyote nafasi ya kuupata.

Uamuzi wake uliotangulia kutajwa sana ulikuwa wa mwaka 1969, katika kesi ya El Mann iliyohusu sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni. Akiwa na majaji Farrell na Chanan Singh, aliamua kwamba Katiba isomwe kama sheria nyingine yoyote, kwa maana ya maneno yaliyomo. Wasomi wa sheria wa vizazi vilivyofuata wameulaumu uamuzi huo kwa kuibana mno sura ya haki za binadamu, na lawama hiyo inastahili. Aliyeshtakiwa alikuwa akitegemea kinga ya kutolazimishwa kujishuhudia, naye akaikosa.

Kesi ya mwaka 1970 ilikuwa ya aina nyingine kabisa.

Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zimetia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini Kampala Juni 6, 1967, nao ukaanza kutumika Desemba 1 mwaka huo. Jumuiya ilikuwa na makao Arusha, bunge lake la kutunga sheria, na mashirika makubwa ya pamoja: reli, bandari, posta na simu, na ndege. Maelfu ya wafanyakazi katika nchi tatu walikuwa waajiriwa wake. Kwa mwananchi wa Kibwezi, ambaye garimoshi la Mombasa lilipita karibu na shamba lake, Jumuiya haikuwa ndoto ya wanasiasa. Ilikuwa ni jina lililopakwa rangi ubavuni mwa mabehewa.

Jumuiya ilikuwa pia na sheria yake ya kulinda siri rasmi, iliyotungwa mwaka 1968. Sheria hiyo iliweka sharti kwamba mtu asishtakiwe chini yake bila kibali cha Mshauri wa Kisheria wa Jumuiya. Watu wawili walifikishwa mahakamani nchini Kenya chini ya sheria hiyo, na Mkuu wa Sheria wa Kenya akaendesha mashtaka bila kibali hicho. Hapo ndipo ilipozuka kesi ya Okunda dhidi ya Jamhuri.

Hoja ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuimeza. Katiba ya Kenya ilimpa Mkuu wa Sheria mamlaka ya kufungua mashtaka ya jinai bila kuelekezwa wala kudhibitiwa na mtu mwingine yeyote. Ikiwa ni lazima aombe ruhusa ya afisa wa Jumuiya, basi tayari anadhibitiwa. Kwa upande mwingine, Kenya ilikuwa imejifunga kwa mkataba kuzipa sheria za Jumuiya nguvu ndani ya mipaka yake. Mtu akiweka saini, je, aweza kurudi nyumbani na kusema kuwa sheria za nyumbani zinamkataza kutimiza aliyoahidi?

Mwendwa na Jaji Simpson waliamua kwamba aweza, kwa kadiri ya mahakama za nyumbani. Sheria za Jumuiya zilikuwa na nguvu nchini Kenya kwa sababu Bunge la Kenya lilizipa nguvu hiyo, na Bunge lenyewe liko chini ya Katiba. Haliwezi kumpa mgeni kile ambacho lenyewe halina. Kifungu cha kibali kilipingana na Katiba, na kwa kadiri kilivyopingana nayo kilikuwa batili.

Jumuiya haikuridhika, ikakata rufaa. Rufaa hiyo ilikwenda kwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ambayo yenyewe ilikuwa chombo cha Jumuiya. Kama kulikuwa na mahali ambapo muungano ungetarajia kusikizwa kwa huruma, palikuwa ni hapo. Majaji wa rufaa waliukubali uamuzi wa Nairobi. Katiba ya Kenya ilibaki juu ya mkataba ndani ya Kenya.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri ukilinganishwa na yaliyotokea Ulaya. Mwaka 1964 mahakama ya jumuiya ya nchi za Ulaya, huko Luxembourg, ilikuwa imeamua katika kesi ya Costa kwamba sheria ya jumuiya inatangulia sheria ya nchi mwanachama. Juu ya msingi huo Umoja wa Ulaya ulijengwa, ukawa mgumu kuuingia na mgumu zaidi kuuacha. Uingereza ilipotaka kuondoka, mahakama yake ya juu ililazimika mwaka 2017 kuamua nani mwenye uwezo wa kufungua mlango. Serikali ya Scotland ilifika mbele ya majaji hao kudai kwamba bunge lake lazima lishauriwe. Ikaambiwa kwamba desturi hiyo ni ya kisiasa, na haiwezi kulazimishwa na mahakama.

Afrika Mashariki haikufika kwenye kesi ya namna hiyo. Baada ya uamuzi wa Okunda, ilikuwa wazi kwamba Jumuiya ingeishi kwa muda ambao wanachama wake wangependa iishi, na kwamba hakuna mahakama ingemzuia mwanachama aliyechoka. Si haki kusema kwamba Mwendwa aliiua Jumuiya. Iliuliwa na mengine: Idi Amin alipompindua Obote Januari 1971 na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye, ugomvi kuhusu mapato ya mashirika, na tofauti za siasa za uchumi kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Lakini yeye alikuwa ameshasema, kwa lugha ya sheria, nini kilikuwa mwenye nyumba na nini kilikuwa mpangaji.

Kisha ukafika mwaka 1971.

Mwezi Juni watu kadhaa walishtakiwa jijini Nairobi kwa kupanga kuipindua serikali ya Mzee Kenyatta. Miongoni mwa waliofungwa alikuwa Gideon Mutiso, Mbunge wa Yatta katika wilaya ya Machakos. Jina la Mkuu wa Majeshi, Meja Jenerali Joseph Ndolo, lilitajwa, naye akaondoka jeshini. Jina la Jaji Mkuu likatajwa pia. Watatu hao walikuwa Wakamba, na ukweli huo haukumpita mtu yeyote. Ukambani wote uliingiwa na baridi, kuanzia Kangundo na Makueni hadi Mwingi, kwa hofu kwamba jamii nzima sasa inatazamwa kwa jicho la shaka.

Mwendwa hakushtakiwa. Hakupewa nafasi ya kujibu mbele ya mahakama yoyote, wala mbele ya jopo la aina ambayo Katiba iliagiza liundwe kabla jaji hajaondolewa. Katiba ileile aliyoiweka juu ya mkataba wa nchi tatu ilikuwa na kifungu cha kumlinda: jaji angeweza kuondolewa tu baada ya jopo kuchunguza na kupendekeza hivyo. Kifungu hicho hakikufunguliwa. Alijiuzulu Julai, na nafasi yake ikachukuliwa na Jaji James Wicks, Mwingereza. Kiti kilichosherehekewa miaka mitatu kabla kwa kumpata Mwafrika kilirudi kwa mgeni, na kikabaki kwa wageni miaka mingi.

Kama alikuwa na hatia au la, hakuna mahakama iliyowahi kulipima suala hilo, kwa hiyo haiwezekani kumhukumu leo. Kinachoweza kusemwa ni kwamba aliyekuwa na cheo kikubwa kuliko wote katika sheria aliondoka kwa njia isiyokuwa ya kisheria, na kwamba hakuna wakili wala jaji aliyesimama hadharani kudai utaratibu ufuatwe. Pengine naye alijua haungefuatwa. Aliwahi kufanya kazi karibu sana na wenye mamlaka, akaujua uzani wao.

Miaka iliyofuata aliishi mbali na macho ya umma. Wakati mkewe Nyiva akiwa Bungeni, yeye alikuwa raia wa kawaida. Akiwa katika hali hiyo alishuhudia mwisho wa muungano aliokuwa ameupima. Mapema mwaka 1977 Kenya ilianzisha shirika lake la ndege, Tanzania ikafunga mpaka Februari mwaka huo, na kabla ya mwaka kumalizika Jumuiya ilikuwa imesambaratika. Kila serikali ilishikilia mali iliyokutwa ndani ya mipaka yake. Hapakuwa na kesi wala hukumu. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alihangaika kwa miaka kugawanya mali na madeni, na makubaliano yakatiwa saini Arusha Mei 1984.

Mwaka huohuo wa 1984, watu wa Kitui Magharibi walimchagua Mwendwa kuwa Mbunge wao. Ilikuwa ni kurejea kwa mtu aliyekaa kimya kwa miaka 13, na kwa wapigakura wengi kura hiyo ilikuwa pia jibu kwa yaliyompata mwaka 1971. Hakupata muda wa kuitumikia. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1985, kabla ya kutimiza miaka 56, na kiti chake kikachukuliwa na ndugu yake Kyale.

Mwaka uliofuata kifo chake, Bunge lilimwondolea Mkuu wa Sheria ulinzi wa kazi yake, na mwaka 1988 likawaondolea majaji ule ulinzi wa jopo ambao haukumfaa Mwendwa. Ulinzi huo ulirejeshwa mwaka 1990. Katiba ya 2010 ikauongezea nguvu, na ikaweka utaratibu mpya ambapo Jaji Mkuu hapatikani kwa neno la Rais peke yake.

Katiba hiyo ilileta pia kile ambacho ofisi ya Mkuu wa Sheria ilisaidia kukifuta enzi ya Mwendwa. Machi 2013 Kitui na Makueni zilipata serikali zao za kaunti, na gavana wa kwanza wa Makueni akawa Profesa Kivutha Kibwana, msomi wa sheria ya katiba. Gavana na madiwani walipogombana hadi shughuli zikakwama, wakazi waliwasilisha ombi la kutaka serikali yao yote ivunjwe. Tume iliyoundwa kuchunguza ilikubaliana nao, lakini Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Kaunti haikuweza kujivunja yenyewe. Neno la mwisho lilikuwa mahali ambapo Katiba ililiweka.

Nchi hizo tatu zilirudi Arusha Novemba 30, 1999 kutia saini mkataba mpya wa Jumuiya. Safari hii walioandika hawakuuacha wazi mlango ule wa 1970. Kifungu cha 8 kinasema kuwa sheria za Jumuiya zinatangulia zile za nchi wanachama katika masuala ya kutekeleza mkataba. Kifungu cha 145 kinaeleza jinsi ya kuondoka: theluthi mbili ya wabunge wote, na notisi ya miezi 12. Kwa upande wake, Katiba ya Kenya ya 2010 inasema katika kifungu cha 2 kwamba sheria yoyote inayopingana nayo ni batili. Vifungu hivyo vyote vinatumika, na wanafunzi wa sheria wanapofika hapo darasani bado husomeshwa kesi ya Okunda.